Medicare ya Australia: marejesho ya mama hayajaingia benki. Je, akaunti iliyoko Centrelink haitoshi?

Swali: Mkazi wa Logan (Queensland)

Ndugu zangu, salaam, na kwa wakubwa wote shikamooni.

Naomba msaada wenu katika jambo la Medicare, yaani bima ya afya ya Serikali ya Australia, ambalo limenitatiza kwa muda. Mimi, mke wangu, watoto wetu na mama yangu mzazi tulipokewa nchini Australia kwa viza ya kibinadamu, tukitokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Tangu tufike, matibabu yote ya daktari wa familia tumeyapata bila kutoa hata senti, kwa kuwa zahanati tunayokwenda huidai Medicare moja kwa moja: tunaonyesha kadi ya kijani, tunathibitisha kwamba tumehudumiwa, tunaondoka. Kwa sababu hiyo sikuwa nimewahi kujua kwamba Medicare pia humrudishia mgonjwa fedha, wala kwamba inahitaji kuwa na akaunti yake ya benki.

Hivi karibuni mama alipewa rufaa kwa daktari bingwa wa macho, na kwa kuwa foleni ya hospitali ya umma ni ndefu tuliamua kwenda kwa daktari wa binafsi. Tulilipa gharama yote mapokezi, na mhudumu akatuambia kwamba sehemu ya fedha hizo itarejeshwa na Medicare "kwenye akaunti". Sikuuliza ni akaunti ipi, kwa kuwa nilidhani Serikali tayari inayo: Centrelink, idara yake inayolipa misaada ya kijamii, humwingizia mama malipo yake kila baada ya wiki mbili bila kukosa. Wiki zimepita sasa, na hakuna kilichoingia, si katika akaunti ya mama wala katika yangu, ambayo ndiyo kadi yake niliyoitumia kulipia.

Ningependa kuelewa mambo haya. Je, akaunti iliyoandikishwa Centrelink haitambuliwi na Medicare? Ikiwa mgonjwa ni mama na aliyelipa ni mimi, fedha zinapaswa kuingia kwa nani? Je, kuna hatari kwamba tumechelewa na haki hiyo imepotea? Mama hatumii simu janja, hasemi Kiingereza, na ana wasiwasi mkubwa wa kumpa mtu yeyote namba za akaunti yake. Je, kuna njia ya kumwandikisha bila intaneti? Na mwisho, kwa kuwa analipwa na Centrelink, marejesho haya yatahesabiwa kuwa ni kipato na kumpunguzia anachopata?

Natanguliza shukrani.

---

Jibu la 1: Dada wa Mapokezi (Melbourne)

Marahaba, ndugu yangu. Mimi hufanya kazi katika mapokezi ya zahanati, na swali lako hulisikia karibu kila juma, tena si kwa wageni peke yao. Hata watu waliozaliwa hapa hushangaa wanapoambiwa kwamba Medicare haina akaunti yao. Nianze kwa kukuondolea hofu: ikiwa dai lenu lilipelekwa na likakubaliwa, fedha za mama hazijapotea. Medicare hukokotoa kiasi kinachostahili, na ikikosa mahali pa kukipeleka hukishikilia hadi mhusika aandikishe akaunti. Siku zilizopita walikuwa wakituma hundi kwa posta, lakini tangu mwaka 2016 hundi kwa wagonjwa zilikomeshwa, na malipo sasa hupita benki tu. Matokeo yake ni kwamba fedha nyingi zimelala huko. Serikali yenyewe imewahi kutangaza kwamba zaidi ya dola milioni 230 zilikuwa zikiwasubiri watu wanaokaribia milioni moja, ambao kosa lao lilikuwa hilo tu la kutoandikisha akaunti au kuacha akaunti iliyokwisha kufungwa.

Kabla ya kufanya lolote lingine, tafuta risiti mliyopewa, kwa sababu kila kitu kinategemea njia ambayo zahanati ilitumia kupeleka dai. Wakati mwingine marejesho hufanyika palepale kwenye mashine ya kadi: mgonjwa hulipa, kisha mhudumu huingiza dai, na Medicare hurudisha sehemu yake katika akaunti inayofungamana na kadi ya benki iliyotelezeshwa. Njia hii haihitaji kuandikisha chochote, ila hufanya kazi kwa kadi ya akaunti ya kawaida au ya akiba, si kwa kadi ya mkopo. Wakati mwingine, na nadhani ndivyo ilivyokuwa kwenu, zahanati hutuma dai kwa mtandao baada ya malipo, na Medicare hulipa katika akaunti iliyoandikishwa kwake. Hapo ndipo watu hukwama. Na zipo zahanati ambazo hazitumi chochote. Hukupa ankara na risiti, na kazi ya kudai inakuwa yako. Ikiwa hali ni hii ya mwisho, hakuna fedha inayosubiri, kwa maana Medicare haijui kama mama alikwenda kwa daktari huyo.

Kwa hiyo piga simu mapokezi ya yule daktari bingwa, uliza maswali mawili tu: je, dai lilitumwa, na lilitumwa kwa jina la nani kama mdai? Swali la pili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Medicare hutofautisha mgonjwa na mdai, yaani mtu aliyebeba gharama. Kwa mtoto mdogo mdai huwa ni mzazi. Kwa watu wazima, mhudumu asipoelezwa vinginevyo, kwa kawaida atamweka mgonjwa mwenyewe kuwa ndiye mdai, hata kama kadi iliyolipia ni ya mtu mwingine. Kama mama ndiye aliyewekwa, fedha zitakwenda kwake, na kuandikisha akaunti yako hakutasaidia chochote. Wewe ndiwe uliyelipa kweli, na ungeweza kuwekwa kama mdai laiti ungesema siku ile. Lakini kwa kuwa mnaishi nyumba moja, sioni sababu ya kuvuruga dai ambalo limekwisha kupokelewa.

Kuhusu Centrelink: ni kweli kwamba Centrelink na Medicare ziko chini ya taasisi moja, Services Australia, na mara nyingi utazikuta katika jengo moja na kaunta moja. Hata hivyo kumbukumbu zao za malipo ni mbili. Akaunti uliyoiandikisha kwa ajili ya malipo ya Centrelink haihamii Medicare yenyewe, na vivyo hivyo ukibadilisha akaunti Medicare, malipo ya Centrelink yataendelea kwenda kule kwa zamani. Ni utaratibu unaoudhi, nakubali, lakini una faida yake kwa anayetaka fedha za matibabu ziingie mahali tofauti na malipo ya kila wiki mbili.

---

Jibu la 2: Mwana wa Perth

Kaka, mimi sikuona ugumu wowote. Niliingia myGov, ile tovuti ya Serikali ya kuingilia huduma zake, nikaandika akaunti yangu, na familia nzima inalipwa humo. Fanya hivyo na wewe, yote yatakwisha jioni moja.

---

Jibu la 3: Mkalimani wa Wodonga

Ndugu wa Perth, kwa nyumba yako ni sahihi, kwa kuwa pengine watoto wako ni wadogo na wewe ndiye unayelipia. Lakini ndugu yetu wa Logan asije akadhani kwamba akaunti yake ikishaingia katika mfumo itampokelea na mama. Kila mtu mzima huandikisha taarifa zake mwenyewe, hata kama majina yote yamo katika kadi moja. Mume na mke wenye akaunti ya pamoja wanaweza wote wawili kutoa namba za akaunti hiyo moja, ila kila mmoja afanye kwa upande wake. Vijana nao wasisahauliwe: mtoto akishafikisha miaka 14, mzazi hawezi tena kuona kila kitu cha matibabu yake katika akaunti ya mtandaoni, na akifika miaka 15 anaweza kuomba kadi yake mwenyewe na kusimamia mambo yake.

Nimekuwa nikiwasaidia wazee wa Kikongo na Kirundi katika mji wetu kwa miaka kadhaa, na niseme wazi kwamba kwa mama asiyetumia simu janja sishauri myGov hata kidogo. Watoto wengi humfungulia mzazi akaunti ya myGov kwa barua pepe ya mtoto na simu ya mtoto, kisha mtoto akihama mji au akibadilisha namba, mzazi hufungiwa nje ya mambo yake yote. Zipo njia mbili zilizo rahisi zaidi.

Ya kwanza ni kituo cha huduma. Nendeni pamoja na mama, mchukue kadi yake ya Medicare, kitambulisho chake, na karatasi ya benki inayoonyesha jina lake na namba za akaunti. Wenye ImmiCard, ile kadi ya utambulisho ya uhamiaji, waichukue pia. Kabla ya kwenda, au hata mkifika, ombeni mkalimani. Services Australia humtoa bure, na hampaswi kulipia wala kumlazimisha mjukuu wa miaka 10 kutafsiri mambo ya fedha za bibi yake. Afisa ataandika akaunti hiyo mbele yenu. Mwambieni awasomee tarakimu alizoziingiza moja baada ya nyingine, halafu mzilinganishe na karatasi.

Ya pili ni simu. Namba ya Medicare kwa wananchi ni 132 011, na anayetaka kuhudumiwa katika lugha yake apige 131 202, ambayo ni huduma ya lugha nyingi ya Services Australia. Mama mwenyewe lazima awepo kwenye simu, kwa sababu wataanza kwa kumhoji ili wajue ni yeye: jina kamili kama lilivyo katika kadi, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na pengine jambo linalohusu matibabu ya karibuni. Hapa kuna mtego unaowakamata watu wetu zaidi kuliko wengine. Wengi tulipewa kambini tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na majina yetu yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia. Mtu akijibu kwa tarehe aliyokuwa akiambiwa na wazazi wake, au akataja jina la ubatizo ambalo halimo katika viza, mfumo utamkataa. Mfundishe mama ajibu kwa yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Wewe na mke wako mnaojimudu tumieni myGov. Ukiisha kuingia, unaiunganisha na Medicare kwa namba ya kadi pamoja na ile tarakimu ndogo iliyo kando ya jina lako, ambayo humtofautisha kila mtu katika kadi ya familia. Mfumo utauliza maswali ya kuthibitisha, na ajabu ni kwamba mojawapo ya mambo unayoweza kutumia kujithibitisha ni taarifa za benki zilizoko Medicare, ambazo wewe huna, na ndiyo sababu unaingia. Usikate tamaa hapo. Chagua njia nyingine ya uthibitisho, na ikishindikana piga simu uombe msimbo wa kuunganishia. Ukishaunganisha, fungua Medicare, tafuta sehemu ya taarifa zako binafsi, na ndani yake utakuta nafasi ya akaunti ya benki.

Mama akiona ni vyema wewe umwakilishe daima, ipo idhini rasmi ya kumruhusu mtu kushughulika na Medicare kwa niaba ya mwingine, lakini fahamu kwamba kuwa mwakilishi wake Centrelink hakukupi mamlaka hayo Medicare. Ni kumbukumbu mbili, kama dada alivyosema.

---

Mkazi wa Logan

Nawashukuru sana, dada na mkalimani wetu. Nimepiga simu kwa daktari bingwa na nimeelezwa kwamba dai lilitumwa siku ileile, na mdai ni mama. Kumbe fedha ziko, zinasubiri tu. Tumepanga kwenda kituoni pamoja.

Jambo moja lililobaki linanichanganya zaidi. Tulilipa dola 280, na mhudumu alisema Medicare italipa asilimia 85. Nikapiga hesabu nikaona tutarudishiwa dola 238. Lakini nilipomuuliza kwenye simu alicheka kidogo, akasema tusitarajie hata nusu. Je, nimeelewa vibaya, au kuna makato ninayofichwa?

Pia mama ameniuliza tena jambo lile la usalama, nami sikuwa na jibu la kumtuliza: mtu akiwa na namba za akaunti yake, hawezi kuchukua fedha?

---

Jibu la 4: Mhasibu Mstaafu (Adelaide)

Hakuna makato, mwanangu. Asilimia 85 haitolewi katika kile alichokutoza daktari, bali katika ada iliyopangwa na Serikali kwa huduma hiyo. Kila huduma inayogharamiwa na Medicare ina namba yake na ada yake katika orodha rasmi, na daktari wa binafsi hafungwi na orodha hiyo. Anaweza kutoza atakavyo, mradi amweleze mgonjwa. Tuseme, kwa mfano tu, ada ya orodha kwa kumwona bingwa kwa mara ya kwanza ni dola 100. Medicare italipa dola 85, na hicho ndicho kiasi chenu, awe daktari ametoza 120 au 280. Tofauti iliyobaki ni mzigo wa mgonjwa. Kwa daktari wa familia Medicare hulipa asilimia 100 ya ada ya orodha, kwa bingwa nje ya hospitali asilimia 85, na kwa anayelazwa kama mgonjwa wa binafsi asilimia 75.

Ningewashauri vijana wote wajenge tabia ya kuuliza mambo haya siku wanapopanga miadi, kabla ya kufika: unatoza kiasi gani, Medicare itarudisha kiasi gani, na dai mnalituma ninyi au ninalituma mimi? Ofisi ya daktari ina majibu yote matatu, na kuuliza bei si utovu wa adabu katika nchi hii. Mimi mwenyewe nilichelewa kuzoea, kwa malezi yetu ya kutomuuliza daktari jambo.

Angalieni na barua ya rufaa. Rufaa inayotolewa na daktari wa familia kwa kawaida hudumu miezi 12 tangu siku mgonjwa alipomwona bingwa kwa mara ya kwanza, lakini ile ambayo bingwa mmoja humpa mgonjwa kwenda kwa bingwa mwingine hudumu miezi mitatu. Matibabu ya macho huwa ya kurudi na kurudi. Rufaa ikishakwisha bila kufanywa upya, Medicare haitalipa kwa kiwango cha bingwa, na mtabaki mnailaumu benki kwa jambo lisilo lake.

Kuhusu Centrelink, mwondoe mama wasiwasi. Anachorudishiwa ni sehemu ya fedha zake mwenyewe alizotumia kwa matibabu, si mshahara wala faida, na hakitozwi kodi.

Na kwa kuwa mna gharama za bingwa, muulize afisa kituoni kuhusu mpango wa kinga ya gharama wa Medicare. Familia ikifikisha kiwango fulani cha gharama zake za nje ya hospitali ndani ya mwaka wa kalenda, marejesho huongezeka kwa muda uliobaki wa mwaka. Mtu asiye na mwenzi wala watoto huhesabiwa bila kuomba, lakini familia ni lazima ijiandikishe ili gharama zao zijumlishwe pamoja. Kwenu itawahusu wewe, mke wako na watoto. Mama kwa sasa atahesabiwa peke yake.

---

Jibu la 5: Dada wa Mapokezi (Melbourne)

Naomba nijibu lile la usalama, maana ni swali la busara na mama asidharauliwe kwa kuliuliza.

Kinachohitajika ili kuandikisha akaunti ni vitu vitatu: jina la akaunti, namba ya BSB, ambayo ina tarakimu sita na huonyesha benki na tawi, na namba ya akaunti yenyewe, ambayo kwa kawaida haizidi tarakimu tisa. Basi. Hizi ni taarifa za kuingizia fedha, na ndizo ambazo mwajiri naye huomba ili alipe mshahara. Medicare haina haja na namba ya siri, wala neno la siri la benki, wala zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Yeyote anayeomba moja ya hizo, hata akijitambulisha kwa jina la Medicare na kwa Kiswahili kizuri, ni tapeli.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuandika zile tarakimu 16 za mbele ya kadi ya benki akidhani ndizo namba ya akaunti. Sizo. Wengine hutoa namba ya simu kwa kuwa ndugu zao huwatumia fedha kupitia simu, lakini Medicare inataka BSB na akaunti. Kuweni waangalifu zaidi na tarakimu kuliko na jina, kwa sababu malipo husafiri kwa tarakimu. Ukikosea moja, fedha zinaweza kurudi zilikotoka, au mbaya zaidi zikaingia katika akaunti ya mtu mwingine, na kuzifuatilia huko ni safari ndefu. Akaunti yenyewe iwe ya benki iliyopo hapa Australia. Namwambia hivi kila anayeniuliza kama marejesho yanaweza kwenda moja kwa moja Bujumbura au Nairobi: yaingie hapa kwanza, halafu utume mwenyewe.

Mtakapomaliza kituoni, hamhitaji kudai upya. Yale yaliyokwisha kukokotolewa hutolewa yenyewe baada ya akaunti kuandikishwa, kwa kawaida ndani ya siku chache za kazi. Muulizeni afisa palepale kama kuna madai mengine ya mama au ya watoto yaliyoshikiliwa. Nimeona watu wakigundua malipo waliyokuwa wameyasahau kabisa.

---

Mkazi wa Logan

Nimeelewa vizuri, na mama amesikia yote nilipomsomea. Sasa, kabla hatujaenda, jana simu yangu imepokea ujumbe mfupi unaosema kwamba Medicare ina malipo yetu na nibonyeze kiungo ili nithibitishe akaunti. Je, huenda ndiyo njia yao ya kutukumbusha?

---

Jibu la 6: Mkalimani wa Wodonga

Hapana, ndugu yangu, usikibonyeze. Ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa pamoja, na ukimfikia mtu ambaye kweli anasubiri fedha humnasa kwa urahisi. Serikali haitumi kiungo cha kuingilia myGov kwa ujumbe mfupi wala kwa barua pepe. Hukuarifu tu kwamba una barua katika kikasha chako, na wewe huingia mwenyewe kwa kuandika anwani ya my.gov.au. Viungo hivi hufungua ukurasa unaofanana kabisa na ule halisi, na anayeandika humo jina na neno lake la siri hugundua baadaye kwamba mtu ameingia katika myGov yake na kubadilisha akaunti ya benki, ili marejesho, na pengine hata malipo ya Centrelink, yaende kwingine.

Ikiwa hukubonyeza, futa ujumbe huo. Ikiwa mtu mwingine nyumbani alibonyeza na kujaza chochote, piga simu benki leo hii wazuie kadi, badilisha neno la siri la myGov, na mkifika kituoni mwambieni afisa aangalie kama akaunti iliyoandikwa katika kila huduma ni ile mnayoijua. Mke wako naye mwonyeshe ujumbe huu, kwa sababu ukikufikia wewe, yeye naye atautumiwa.

---

Jibu la 7: Mwana wa Perth

Niongeze moja kwa wanaohama benki, kwa kuwa wengi wetu hufungua akaunti ya kwanza pale tunapofikia, halafu tunahamia kwingine kwa sababu ya ada. Msifunge ile ya zamani kabla hamjabadilisha taarifa katika kila mahali panapowalipa, Medicare pakiwemo, maana benki haiijulishi Medicare kwamba umehama. Malipo yakipelekwa katika akaunti iliyofungwa hurudi, na yatakaa huko hadi utoe akaunti mpya.